Sahani Iliyooshwa kwa Maji ya Bomba

Kila Alhamisi, kabla ya kwenda shule, Ornella alipitia gatini Pozzuoli, mji wa pwani ya Italia, kuchukua ndoo kwa babu yake, mzee Catello mzamiaji. Ndani mlikuwa na nungu wa baharini, viumbe wa miiba ambao watu huwala kwa mkate. Mwalimu Iovine aliwahitaji kwa somo lake.

"Maji ya chumvi tu," Babu alionya. "Ya bomba yanaua."

"Najua, Babu. Wimbo wako wa kila siku!"

Alhamisi moja darasani mwalimu alichanganya mayai ya jike na mbegu za dume, akamwambia Ornella aoshe sahani kwa maji ya ndoo, atie matone, achungulie kwa hadubini. Ndoo ilikuwa uani, bomba lilikuwa karibu. Aliosha haraka, maji yakabaki sahanini. Alipochungulia, mayai yalikuwa yamevimba na kupasuka.

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu, Mwalimu. Labda nungu walikuwa wamekufa."

Jioni mwalimu alilalamika gatini, mbele za watu.

"Mzee Catello, siku hizi unauza maiti?" Rocco mchuuzi aliangua kicheko. "Wapeleke makaburini!"

Nyumbani Babu hakugusa maharage yake. Ornella naye akasukuma sahani yake kando.

"Babu, ni mimi. Nilitumia maji ya bomba."

"Kesho utayasema hayo mbele ya wenzako," Babu alisema.

Kesho yake aliyasema. Mwalimu akaenda mwenyewe kumwomba mzee radhi, akarudi naye na nungu walio hai. Safari hii yai lilijibana katikati, likawa seli mbili, kisha nne.

"Chura, kuku, ng'ombe, hata sisi," mwalimu alisema, "sote tulianza na seli moja iliyogawanyika."

Babu aliweka jicho kwenye hadubini. "Zuri. Sasa lirudishe liwe moja, Mwalimu."

"Haiwezekani, mzee wangu."

Babu akamgeukia Ornella. "Umesikia? Uongo wako nao ulikuwa neno moja. Rocco akalifanya mawili, gati zima likayazidisha. Nimekusamehe, mjukuu wangu. Lakini ukweli ungesemwa palepale, neno hilo lisingefika gatini."

Walipokuwa wakirudi, mtu aliita kutoka kwenye mashua: "Catello Maiti huyo!"

Babu alishusha kofia, akaendelea kutembea. Ornella alimfuata na ndoo tupu.