Giza la Uongo

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alifagia studio ya picha ya shangazi yake, kisha akapima na kurekebisha rangi na mwanga wa skrini ya kompyuta. Vipimio vilikuwa viwili. Kidogo kilitazama skrini kupitia vioo vitatu: chekundu, cha kijani na cha buluu. Kikubwa kiliuchambua mwanga wote kama upinde wa mvua, ila kwanza sharti kilazwe kwenye kikalio chake cheusi, kibao kisichopitisha mwanga, kijue giza lilivyo.

Jumamosi hiyo kikalio kilimponyoka, kikapasuka. Alikisukumia nyuma ya kabati, akakilaza kipimio kikubwa mezani karibu na dirisha, penye mwanga, akaendelea. Hakumwambia mtu.

Jumatatu alitoka shule akakuta ugomvi umewaka studio. Mama wa bibi harusi mmoja alikuwa amezibwaga mezani picha za harusi ya bintiye.

"Mwanangu mmemfunika usiku mchana kweupe. Uso uko wapi?"

Shangazi alimgeukia fundi picha, kijana waliyemwita Miwani. "Na vioo vyote hivyo usoni, hukuona?"

"Kwenye skrini zilikuwa safi, mama."

"Pima tena."

Miwani alitumia kipimio kidogo. Majibu yakawa mbali kabisa na yale ya Jumamosi.

"Hata vifaa vinakukana," shangazi akasema. "Umeichezea skrini. Kesho usije."

Miwani alianza kukunja waya wa chaja yake. Chiriku, ambaye siku zote hafungi mdomo, alilitazama kabati, kisha akamsogelea shangazi.

"Shangazi, ni mimi." Akavitoa vile vipande nyuma ya kabati, akaeleza yote.

Mama wa bibi harusi akasonya. "Una macho makavu. Ulikuwa unamtazama tu mwenzako akifukuzwa?"

"Ndiyo maana," Miwani akasema polepole. "Kipimio kilisoma mwanga pungufu, skrini ikawekwa ing'ae kupita kiasi, nami nikazidi kupunguza mwanga wa picha."

Chiriku akamwomba radhi. Shangazi naye akamwomba, kwa sauti ndogo. Wakairekebisha skrini kwa kipimio kidogo, Miwani akaziongezea picha mwanga, na zilipochapwa upya, mama wa bibi harusi alizichukua bila kuaga.

Shangazi alimketisha Chiriku.

"Ulikionyesha kile chombo mwanga, ukakiambia ni giza. Tangu hapo kila kilichosema kilikuwa uongo, na chenyewe hakikujua. Kikalio kitanunuliwa kingine. Lakini wewe ulijua, ukanyamaza. Mungu alikuona ukificha vile vipande. Mshukuru kwamba ulimi ulifunguka kabla Miwani hajavuka ule mlango."