Kikaratasi cha Mwalimu Semakula

Jumamosi ile kaka yangu Sosthène hakushuka kwenye lori. Kila Jumamosi, nikishachota maji na kufagia uwanja, nilikaa kando ya barabara ya Bwera na daftari langu mapajani, nikimsubiri. Alikuwa karani wa mizigo katika stesheni ya Kasese, na alikuja nyumbani kwa lori la Muhamood. Siku hiyo Muhamood alizima injini. Hakuwa na desturi ya kuizima, maana kuiwasha tena kulihitaji watu wanne wa kusukuma. Alishuka, akavua kofia, akaniuliza, "Mama yako iko wapi?"

Homa ya uti wa mgongo ilikuwa imemchukua kaka yangu kwa siku mbili tu. Ulikuwa mwaka 1972. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la saba.

Tulimzika, na kwa siku nne hakuna mtu wa nyumbani aliyeshika jembe. Wengine walikaa kwenye mikeka. Mimi sikuweza kukaa. Niliingia jikoni, nikatoka, nikaenda mpaka barabarani, nikarudi.

"Elise, mutoto wangu, iko nini?" mama akauliza. "Unazunguka sawa kuku yenye inatafuta fasi ya kutaga."

Nilikuwa namlilia kaka yangu, hilo ni kweli. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna aliyelijua. Insha zote nilizosifiwa shuleni aliziandika Sosthène. Mimi nilizinakili tu kwa mwandiko mzuri. Mtihani wa kumaliza darasa la saba ulikuwa Novemba, na baba alikwisha kusema: nikifaulu nitakwenda sekondari, nikishindwa nitabaki nyumbani kuchuma pamba.

Niliporudi shuleni, Mwalimu Semakula alitupa kazi ya insha: "Asubuhi Moja ya Safari." Nilifungua sanduku la Sosthène, nikapata daftari lake la zamani, na ndani yake nikaona habari ya safari. Niliinakili haraka, bila kusoma vizuri, huku mguu wangu ukitikisika chini ya meza.

Kesho yake mwalimu aliniita mezani kwake, wenzangu walipokuwa nje. Mwalimu Semakula alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyezungumza polepole.

"Elise," alisema, "hapa umeandika, 'Nilipomaliza kunyoa ndevu, nilifunga viatu vyangu.'"

Aliweka kidole chini ya neno 'ndevu.'

"Wembe wako unauweka wapi?"

Hakucheka, wala hakuniuliza zaidi. Alichukua kipande cha karatasi, akaandika maneno machache, akakikunja mara mbili. "Leo saa tisa upeleke hiki kwa Mama Habibah, karibu na soko la Mpondwe."

Katika shule yetu, kikaratasi kilichokunjwa kilikuwa na maana moja tu. Mwalimu akikupa, unakipeleka mwenyewe ofisini, na huko unachapwa. Hukukifungua njiani, maana aliyefungua alichapwa mara mbili.

Ocen, mtoto wa polisi niliyekaa naye dawati moja, alikiona mkononi mwangu. "Dada, umepata barua ya posta," alisema. "Weka daftari ndani ya sketi, nyuma. Mimi liliniokoa mwezi uliopita."

"Si cha ofisini. Ni cha Mama Habibah."

"Basi wamepata mtu mpya wa kuchapa. Mkono wa mwalimu mkuu umechoka."

Nilikwenda. Nyumba ya Mama Habibah ilikuwa na dirisha linalotazama njia. Nilichungulia. Mezani kulikuwa na fimbo ndefu, iliyonyooka, na mbele ya meza ameketi mzee mmoja analia. Analia kabisa, machozi yanaingia kwenye ndevu. Mwanamke mwenye mtandio alikuwa anamwambia, "Sema tena. Sema yote."

Sikusubiri kusikia alichokosa yule mzee. Nilikimbia mpaka mto Lhubiriha, nikakitupa kikaratasi majini.

Asubuhi mwalimu aliniuliza, "Mama Habibah alisemaje?"

"Alisema niendelee hivyo hivyo."

Alisema, "Vizuri." Tangu hapo sikupata utulivu. Nililala nikigeuka-geuka. Nilipoona mwanamke yeyote mwenye mtandio barabarani, nilivuka upande wa pili.

Wiki iliyofuata tulifanya jaribio la insha darasani, daftari zote zikiwa zimefungwa. Niliandika jina langu na tarehe. Niliandika kichwa cha insha na kukipigia mstari. Wenzangu waligeuza ukurasa wa kwanza, wakageuza wa pili. Nilichonga penseli yangu mpaka ikawa fupi kama kidole. Saa ilipokwisha, karatasi yangu ilikuwa na kichwa na mstari wake tu.

Mwalimu Semakula alirudisha karatasi za wengine, yangu akaiacha ya mwisho. Darasa lilipobaki tupu, aliiweka ile karatasi mbele yangu.

"Jumapili nilikutana na Mama Habibah," alisema. "Anasema hajawahi kukuona."

Nilijaribu kutunga neno, nikashindwa hata hilo. Basi nikasema ukweli wote: kuhusu Sosthène, kuhusu daftari la sandukuni, kuhusu mto.

"Uliogopa nini kwa Mama Habibah?"

"Fimbo. Niliiona mezani. Alikuwa amemliza mzee mzima."

"Yule mama ni fundi cherehani, Elise. Ile ni futi ya mbao ya kupimia nguo. Na wazee huja kwake kuandika barua. Labda yule alikuwa anamwandikia mtoto aliyepotea Kongo." Alisimama, akatembea mpaka dirishani. "Lakini ningekuwa wewe, nami ningekimbia. Nimekupa kikaratasi. Nimekupeleka kwenye msaada kwa njia ile ile tunayowapelekea watoto fimbo. Kosa la kunakili na kunidanganya ni lako. Kosa hili ni langu." Alichukua kofia. "Twende pamoja."

Njiani alinionyesha bahasha aliyokuwa nayo mfukoni. "Hii ni barua yangu ya kuomba nafasi chuoni. Mama Habibah ameisoma mara tatu, na leo ataisoma ya nne. Alifundisha miaka sita kabla ya kuolewa na mwenye malori."

Mama Habibah alisogeza vitambaa, akanipa kiti. Alimkaribisha mwalimu, kisha akamwambia kwa utani, "Wewe subiri nje, Mwalimu. Barua yako imezoea kungoja."

Niliweka karatasi yangu tupu mezani. "Mama, utaniandikia?"

"Hapana. Mkono yangu haiwezi kuingia na wewe kwa chumba ya mtihani." Aliweka kalamu yake mbali. "Mtu akija hapa na barua, kwanza anaisema kwa mdomo. Hata analia, anaisema. Wewe sema. Jumamosi kaka alikuwa anafanya nini akifika?"

"Alikuwa anavua viatu."

"Halafu?"

"Anagonga viatu ukutani, kutoa vumbi ya stesheni. Mama anamgombeza kwa sababu ukuta unachafuka."

"Hiyo. Andika hiyo."

Niliandika sentensi mbili. Alinisomea kwa sauti, akauliza ukuta ulikuwa wa rangi gani. Niliandika ya tatu. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile, mguu wangu ulitulia.

Kesho yake Mwalimu Semakula alimleta Mama Habibah darasani. Mwalimu aliisoma barua yake mwenyewe mbele yetu, pamoja na makosa aliyoonyeshwa. Ocen alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akaomba aandikwe wa kwanza kwenda kwa Mama Habibah. Tulipangwa wawili wawili kila Jumatano, wazuri na wabovu, kila mtu na insha aliyoianza mwenyewe na swali moja. Vikaratasi havikutumika tena kwa kazi hiyo.

Nilikwenda Jumatano kumi na moja. Novemba niliandika insha ya kurasa mbili na nusu, yangu yote, na matokeo yalipokuja nilikuwa nimepata nafasi katika sekondari ya Kasese. Nilipokwenda kumuaga, Mama Habibah aliniambia, "Kuomba kufundishwa si aibu, binti yangu. Aibu ni kuandika jina lako juu ya kazi ya mtu mwingine. Na kaka yako alikupenda, lakini kukubebea mzigo kila siku si kukufundisha kubeba."

Mwaka jana alihamia Kisinga pamoja na mumewe. Likizo zinapofika, Jumatano kuanzia saa tisa, mimi ndiye ninayekaa na watoto wa darasa la saba.