Siku ya Kliniki Hagusi Soda

Fundi cherehani alikuwa mcheshi. Mteja akiingia dukani kwake, hatoki bila kucheka. Lakini jambo moja alilificha hata kwa mumewe: kliniki walimwambia ana kisukari cha mimba.

Aliona aibu. Mama mkwe wake alizoea kusema, "Sukari ni ugonjwa wa walafi." Basi fundi akatafuta ujanja. Siku ya kliniki ikikaribia, aliacha soda na biskuti, akashinda na maji. Majibu yakatoka mazuri, wauguzi wakampongeza. Akirudi nyumbani, kazi ya kwanza ni kufungua soda.

Tumbo likawa kubwa. "Mjukuu wangu bonge!" mama mkwe akajisifu.

Uchungu ulimkuta dukani, kabla ya wakati wake. Akakimbizwa hospitali na mama mkwe, kadi ya kliniki ikabaki nyumbani. Mtoto alizaliwa mnene kweli, mashavu tele. Lakini alihema mbio mbio. Pua zilitanuka, kifua kilibonyea chini ya mbavu, na kila pumzi ilitoka na mguno. Muuguzi akamwekea oksijeni haraka.

"Mtoto mkubwa hivi, pumzi inamshindaje?" mama mkwe akauliza.

Muuguzi akamgeukia fundi. "Mama, una sukari?"

Mama mkwe alikuwa amesimama pale pale. Fundi akatazama shuka. Uso ulimwaka kwa aibu. Angeweza kukataa, kuficha alishazoea. Mtoto akaguna tena.

"Ninayo," akasema. "Kliniki nilikuwa nakidanganya kipimo." Akaeleza yote, machozi yakimtoka.

"Umefanya vizuri kusema," muuguzi akamjibu. "Sukari ya mama ikizidi, mtoto hunenepa, lakini mapafu yake yanaweza kuchelewa kukomaa. Na akishazaliwa, sukari yake mwenyewe inaweza kushuka ghafla. Ngoja nimpime sasa hivi."

Kweli, ilikuwa imeshuka. Akatibiwa papo hapo.

Mama mkwe akaketi, kichwa chini. "Mwanangu, mdomo wangu huu..."

Baada ya siku chache mtoto alipumua bila oksijeni, akanyonya vizuri.

Mtoto alipoanza kukaa, mteja mjamzito alikuja dukani kupanuliwa gauni. "Nipime upesi, dada," akacheka. "Kesho kliniki. Leo sili kitu, wasije wakaniona tena na sukari."

Fundi akaacha kukanyaga cherehani. Aibu ile ile ikampanda usoni. Wateja walikuwepo, na mama mkwe alikuwa amempakata mtoto.

"Keti, mdogo wangu," akasema. "Mimi nilifanya hivyo hivyo. Kipimo nilikidanganya mimi, aliyekosa pumzi ni huyu. Kesho waambie ukweli, unakula nini na unakunywa nini. Watakupangia chakula, na dawa ikihitajika watakupa."

Mteja akakubali. Kesho yake walikwenda kliniki pamoja.

Mtoto wa mteja yule alizaliwa akilia kwa nguvu, wodi nzima ikamsikia. Fundi alipopata habari alishangilia. Kisha akamwinua mtoto wake, akaweka sikio kifuani pake, akasikiliza anavyopumua.

"Nisamehe, mwanangu," akamwambia.