Bia Kwenye Mafuta ya Breki

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, kazi yangu ilikuwa kufuta vioo vya teksi ya baba. Kwetu El Alto, mji wa milimani huko Bolivia, umande huganda kwa baridi, kwa hiyo nilifuta huku napuliza vidole. Baba alisimama mlangoni na kikombe chake cha uji wa mahindi, akinionyesha palipobaki uchafu.

Mwaka nilipotimiza miaka kumi na miwili, ilifika Jumanne ya Karnivali, siku yetu ya kubariki magari. Tuliipamba teksi kwa maua na karatasi za rangi. Baba akayamwagia bia magurudumu yote manne, akafungua boneti, akainyunyizia injini kidogo, akimwomba Mama Ardhi amrudishe salama. Kesho yake alikuwa ateremke na abiria hadi mabonde ya Yungas, kwa barabara yenye mlima upande mmoja na korongo upande wa pili.

Baba alipoingia ndani kula, binamu yangu Rolando akaniambia, "Injini imekunywa, magurudumu yamekunywa, breki zimebaki na kiu. Sasa huko Yungas baba yako atasimamisha gari kwa kitu gani, Wara? Kwa honi?"

Rolando alikuwa ananitania tu, lakini mimi niliingiwa na hofu. Kikopo cha mafuta ya breki kilicho kando ya injini nilikijua, maana baba alishanionyesha. Nikafungua kifuniko, nikamimina bia kama vijiko viwili, nikafunga. Nikajiona nimemlinda baba yangu.

Asubuhi, nikifuta vioo, nilimnong'oneza Rolando habari hiyo kwa majivuno. Akaacha kucheka.

"Umetia ndani kabisa? Wee, mimi nilikuwa nakutania. Basi nyamaza. Kidogo hicho hakidhuru kitu, na ukisema utachapwa."

Abiria wawili walishakaa, na baba alishashika ufunguo. Niliogopa fimbo, tena niliogopa kumharibia safari. Lakini nikalifikiria lile korongo.

"Baba, usiwashe gari," nikasema, machozi yakinitoka. "Nimetia bia kwenye mafuta ya breki. Nilitaka nazo zibarikiwe."

Baba alichomoa ufunguo. Akawaomba abiria radhi watafute gari lingine, kisha sote watatu tukaisukuma teksi hadi gereji ya Mama Hortensia, nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Mama Hortensia alichungulia kikopo, akanusa. "Bia ni ya mtoto, sawa. Na huu weusi, Fermín, nao ni wa mtoto? Umebadilisha lini mara ya mwisho?"

Baba akajikuna kisogo. "Tangu ninunue gari, miaka mitano, sijabadilisha. Lakini kila Karnivali tunalibariki."

"Mama Ardhi ana kazi nyingi. Hiyo ya kubadilisha mafuta ni yako." Akanigeukia. "Sikiliza, mwanangu. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa polepole, hata gari likiwa limeegeshwa. Ukiteremka mlima breki hupata moto, yale maji yakachemka yakawa mvuke. Hapo unakanyaga, pedali inazama, gari halisimami. Kwa hiyo kila miaka miwili yabadilishwe. Fundi akiyapima mapema akakuta yana maji, msingoje."

Alitoa mafuta yote, akasafisha mipira inayopitisha mafuta, akatia mapya, kisha akatoa hewa iliyoingia kwenye breki, gurudumu moja moja. Rolando ndiye aliyekanyagishwa pedali mpaka mguu ukatetemeka. Hakuna aliyemwonea huruma.

Baba akanishika bega. "Asante, Wara. Usiguse tena usichokijua. Lakini ungenyamaza, leo ningeteremka na mafuta ya miaka mitano pamoja na bia yako. Kosa lako umelisema mwenyewe. Langu nililifunika kwa maua. Ukikosea, sema mapema, kabla gari halijaondoka."

Siku ya tatu alirudi kutoka Yungas na mfuko wa machungwa. La kwanza alinipa mimi, la pili akampelekea Mama Hortensia. Kisha akabandika kikaratasi chini ya boneti chenye tarehe ya kubadilisha tena mafuta ya breki, akaniambia niisome kwa sauti.