Kitanda cha Magige

Haya yalimpata rafiki yangu Boke, wa Nyangoto. Mumewe, Magige, alifukiwa na shimo la dhahabu, na mwili haukupatikana. Boke akaamua kubadilisha kitanda chao kilichooza miguu, apate usingizi.

“Usikitoe, mwanangu,” mama mkwe alimsihi. “Mwenyewe hatujamzika. Kitanda chake kinamsubiri.”

“Basi kisubiri kikiwa kuni, mama!” Boke alicheka, akakipasua.

Jioni hiyo, baada ya fundi kufunga kitanda kipya, mvua ilileta giza mapema. Boke akisonga ugali, alisikia chumbani buti za mpira zikivuliwa, moja, kisha nyingine. Akaingia na tochi. Hapakuwa na mtu. Godoro jipya lilikuwa bado limefungwa kwenye nailoni, na ndani ya nailoni ile, tope bichi la shimoni lilikuwa limechora mtu aliyelala ubavu.