Futa Gani?

“Mama Siyad, kidevu cha mke wangu kinakuhusu nini?”

“Kinanihusu kwa sababu nina macho, Yahye! Kimechubuka kama goti la mtoto, kinatoa maji, na wewe umekaa hapo unatafuna!”

Ndivyo ilivyoanza, jamaa zangu, asubuhi moja pale mtaani Waberi, Garissa. Dakika mbili kabla ya hapo ua ulikuwa umetulia, hakisikiki kitu ila cherehani ya Amran na mbuzi wawili wakigombania ganda la tikiti. Saynab, mama yake Siyad, alikuwa amepitia tu kuchukua gauni lake la dirac. Ni mwanamke wa watu huyo. Nyumba yake haikosi wageni, na habari yoyote ya mtaa huanzia kwake. Lakini alichokiona siku hiyo kilimkata hamu hata ya umbea.

Amran alikuwa ameinamia cherehani, shingo imekakamaa hivi kwamba akitaka kumtazama mtu hugeuka mwili mzima. Mkono wa kulia ulikuwa umeanza kufa ganzi. Uzi ulimponyoka mara mbili Saynab akiwa amesimama pale pale. Na chini ya mdomo, kile kidonda. Yahye, mumewe, alikuwa ameegemea ukuta, simu mkononi, shavu limejaa miraa, povu la kijani limemkaukia kidevuni. Akatema. Mate yakatua kando ya sufuria ya maziwa. Saynab akaisogeza sufuria mbali.

“Abaayo,” alimwambia Amran, kama wanawake wa huku wanavyoitana dada, “nani amekufanya hivi?”

“Hakuna mtu. Ni mazoezi ya daktari. Nafuta kidevu mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Hii ni wiki ya tatu.”

“Unafuta kidevu ili shingo ipone?”

“Ndivyo nilivyoambiwa. Nikadhani ni kusugua damu ishuke, nikatumia kipande cha gunia.”

“Na haikusaidia,” Yahye akadakia. “Leo baada ya Alasiri mganga, Mzee Keinan, anakuja na msumari wake wa moto. Atamchoma nyuma ya shingo mara tatu, yaishe. Wewe chukua nguo yako uende.”

Mguu wa Amran ukasimama juu ya kanyagio.

Sasa niwaeleze habari za daktari huyo. Rukiyo ni daktari wa viungo, Mborana. Alikuja Garissa kwa mwezi mmoja, akampima Amran kwa mikono yake mwenyewe, akamwambia mifupa ni mizima, ni misuli tu imechoka kwa kuinama kutoka Alfajiri hadi Alasiri. Kisha akarudi kazini kwake Griftu. Kwa kuwa Griftu si nyumba ya pili, wakapatana kufundishana kwa simu. Kisomali cha Rukiyo ni cha salamu tu, hivyo alituma maelekezo kwa Kiswahili, kwa sauti. Simu ilikuwa ya Amran. Lakini ya Yahye ilipopasuka kioo, alichukua ya mkewe akaenda nayo huko kwa watafunaji wenzake.

Saynab hakuchukua nguo. Alichukua simu. Aliinyakua kwa ncha za vidole, maana ilikuwa inanata, akaipangusa kwa pindo la shali yake huku amekunja pua. Ndani alikuta jumbe kumi na moja za sauti. Moja tu ndiyo iliyosikilizwa. Akaibonyeza, akaongeza sauti mpaka majirani wakachungulia juu ya ua.

“Amran, keti wima,” ilisema sauti ya Rukiyo. “Sasa vuta kidevu nyuma, polepole, kama unarudisha droo ndani. Usitazame chini. Hesabu tano, legeza. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Na cherehani iinue, usiishushie kichwa.”

Saynab akairudisha mwanzo, akaisikiliza tena.

“Vuta,” Saynab akasema, akiing'ata ile v kama alivyofundishwa shuleni. “Vuta nyuma. Si futa!”

Mnatujua watu wa huku. V ikifika mdomoni inageuka f, na hakuna anayedhurika kwa hilo, mradi anayeuliza ajibiwe.

“Nilimuuliza,” Amran akasema kwa sauti ndogo. “Aliponiletea maneno ya daktari nilimuuliza, futa gani? Akasema, ‘Futa ni futa, kwani hujui Kiswahili?’ Akarudi kwa wenzake.”

“Nilikuwa na haraka,” Yahye akasema.

“Haraka ya majani!”

Saynab akaendelea kubonyeza. “Amran, mbona kimya? Nitumie video nione unavyofanya.” Nyingine: “Amran, ukihisi ganzi mkononi usingoje, nenda hospitali wakupime kwanza.” Hiyo ya ganzi ilikuwa na siku tisa. Amran aliutazama mkono wake kama anautazama wa mtu mwingine. Mkono huo ndio ulioilisha nyumba ile.

Na Yahye? Alicheka, jamaa zangu. Alicheka, meno yote ya kijani. “Basi afute, avute, yote si mambo ya wanawake?”

Saynab si mtu wa kutema mate chini, lakini siku hiyo alitema. “Mzee Keinan akija, mwambie shingo aliyoifuata haipo.” Akamshika Amran mkono usio na ganzi, wakatoka.

Hospitali walimpima wakasema mshipa wa fahamu umebanwa lakini haujaharibika. Aendelee na mazoezi, ila sasa ayafanye sawasawa. Cherehani ikahamia sebuleni kwa Saynab, juu ya matofali mawili. Simu ikasimamishwa dirishani, Rukiyo akitazama kutoka Griftu na kufoka, “Mabega chini! Kidevu nyuma!” Majirani walikuja kucheka, wakisema Amran anafanana na ngamia aliyekataa maji. Wiki moja baadaye nao walikuwa wamejipanga ukutani, videvu nyuma, wakihesabu. Siku ya arubaini Amran aliitwa kutoka mlangoni, akageuza kichwa. Kichwa tu. Nyumba nzima ikapiga vigelegele.

Mafunzo

Maumivu ya mtu wa nyumbani kwako si kelele za jirani. Ukipewa ujumbe wake, mfikishie wote, akikuuliza, mjibu, simu yake mwachie. Aliyemchubua Amran hakuwa daktari wala si herufi. Ni mume aliyeona uvivu kusema neno moja mara mbili. Na ninyi mnaoinama kutwa nzima, inueni kazi ije machoni. Shingo isiachwe iifuate kazi chini. Mkono ukifa ganzi, nendeni mkapimwe, msingoje msumari.

Na Yahye, mnaniuliza? Alikuja jioni hiyo hiyo ya vigelegele, akasimama mlangoni kwa Saynab, macho kwenye sinia la wali na nyama ya mbuzi. Alikuwa amekonda, na lile povu bado lipo pale pale. Watu wakaendelea kula. Ni Amran aliyegeuka, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu shingo ikakamae.

“Karibu ndani ule,” alimwambia. “Lakini kwanza futa kidevu.”