Kumtafuta Mama yake Lucy

Merle Halftown alikuwa nyuma ya nyumba yake, Steamburg, akiosha mahindi. Alikuwa ameyachemsha na jivu la kuni tangu asubuhi. Sasa aliyasugua kwenye kikapu, maganda yakitoka na maji yakigeuka meusi. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya Doris, mke wake. Doris alifariki miaka mitatu iliyopita. Merle alijifunza kupika supu ya mahindi akiwa na umri wa karibu miaka sitini, leo chumvi imezidi, kesho mahindi hayajaiva.

Binti yake, Rochelle, akatokea pembeni ya nyumba. Kwa mkono mmoja alimbeba mtoto wake wa miezi minne. Kwa mkono mwingine alishika bahasha.

"Baba, wameirudisha fomu."

"Tena?"

"Tena. Wanasema upande wa mama haujulikani. Mama alizaliwa na Lucy Carter, sawa. Lakini Lucy Carter alizaliwa na nani?"

Merle alikitua kikapu kwa kishindo.

"Wakubwa hawa! Ni wao waliomchukua bibi yako akiwa na miaka mitano. Wakampeleka shule yao ya yatima, na wala hakuwa yatima. Sasa wananiuliza mimi katoka wapi!"

"Si hawa waliomchukua, Baba. Hawa ni watu wetu wa ofisi ya uandikishaji wa kabila."

"Mkubwa ni mkubwa tu. Akishakalia kiti, anageuka."

Rochelle hakubishana. Alikaa kwenye ngazi na kumnyonyesha mtoto.

Kwa Waseneca, wenyeji wa asili wa sehemu hiyo ya Marekani, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Merle alikuwa wa ukoo wa Dubu, lakini Udubu wake haukuweza kumsaidia binti yake wala mjukuu wake. Wao walikuwa wa ukoo wa Doris, na Doris alikufa bila kuujua. Mama yake, Lucy, alitoka ile shule akiwa na miaka kumi na sita, akapelekwa Buffalo kufanya kazi za ndani. Huko ndiko alikomzaa Doris. Hakusimulia habari za kwao hata siku moja.

Mwishoni mwa Agosti ingekuwa sherehe ya Mahindi Mabichi. Siku hizo watoto hupewa majina ya Kiseneca katika Nyumba Ndefu, nyumba yao ya ibada. Majina hayo hutunzwa na akina mama wa kila ukoo. Asiye na ukoo hana wa kumpa jina. Rochelle alikuwa na miaka thelathini na moja, na hakuwahi kupewa.

"Mimi nimeshazoea," alisema taratibu. "Kila wanapoita koo, nasimama mlangoni kama mgeni. Lakini huyu, Baba? Naye asimame mlangoni?"

Merle aliokota kikapu, akaendelea kusugua mahindi yaliyokwisha kutakata.

Supu ilipoanza kunukia, jirani yao Bernadine Watt akaingia na bakuli lake mwenyewe. Bernadine alitunza karatasi za kale katika maktaba ya Waseneca, mjini Salamanca. Alikuwa wa ukoo wa Mbwamwitu. Mbwamwitu na Dubu ni koo ndugu, za upande mmoja, kwa hiyo alimwita Merle kaka na kumtania apendavyo.

"Kaka, leo umeweka chumvi au umeweka ziwa lote la chumvi?"

"Kula ufunge mdomo."

Alikula. Kisha akaiona bahasha, akaisoma.

"Umemtafuta wapi huyu Lucy?"

"Kila mahali! Nimekwenda ofisi ya kaunti mara tano. Nimesoma habari za akina Carter mpaka nawajua kuliko wanavyojijua. Kuna Carter muuza mbao. Kuna Carter mwenye ng'ombe. Kuna Carter aliyefungwa kwa kuiba farasi. Wote Wazungu."

"Na kwa nini unawatafuta akina Carter?"

"Si ndilo jina lake?"

"Alipewa na nani?"

Merle akakoroga supu.

"Wewe ni Mseneca kweli?" Bernadine aliuliza. "Tangu lini sisi tunatafuta ukoo kwa jina la mwanamume?"

"Karatasi ndivyo zilivyo! Zimepangwa kwa majina ya wanaume."

"Zimepangwa hivyo kwa sababu waliozipanga walifuata wanaume. Nawe unazisoma kama wao. Unawalaumu wakubwa mchana kutwa, halafu unatafuta kama wakubwa."

Rochelle alicheka mpaka mtoto akaachia titi. Merle alikasirika, akaingia ndani. Lakini kesho yake, saa tatu kasorobo, alikuwa amesimama mbele ya mlango wa maktaba na makaratasi yake kwenye mfuko wa plastiki, akingoja ufunguliwe.

Bernadine hakukimbilia vitabu. Alimpa karatasi nyeupe na penseli.

"Anza na mtoto, maana yeye tunamjua. Kisha mama yake. Kisha mama wa mama yake. Panda hatua moja moja, usiruke. Na kila unachoandika, andika pembeni umekitoa wapi."

"Hii si ni kazi ya darasa la pili?"

"Basi utaiweza."

Merle aliandika polepole. Hakuwa amesoma sana. Mtoto. Rochelle. Doris. Alipofika kwa Lucy, penseli ilisimama.

"Nipe cheti cha kuzaliwa cha Doris," Bernadine alisema. "Kisome chote. Si jina tu."

Merle akasoma, kidole kikifuata maneno. Doris alizaliwa Buffalo, mwaka 1938. Mama: Lucy Carter, umri miaka thelathini. Mahali alipozaliwa mama: Coldspring.

"Coldspring," alirudia. Karatasi hii alikuwa nayo nyumbani miaka yote. "Sikupaona."

"Ulikuwa unamwangalia Carter."

Coldspring Merle aliifahamu vizuri. Hata yeye alizaliwa huko. Ndiko serikali ilikoziba mto kwa bwawa. Watu walihamishwa, nyumba zikachomwa moto, makaburi yakafukuliwa. Leo ni maji matupu, na watalii wanaendesha boti juu yake.

"Sasa tufanye hesabu ndogo," Bernadine alisema. "Miaka thelathini mwaka 1938, basi alizaliwa karibu 1908. Alichukuliwa akiwa na miaka mitano. Tutafute nini?"

"Watoto waliopokelewa shuleni mwaka 1913."

"Umeona? Darasa la pili umefaulu."

Alitoa jalada lenye nakala za kitabu cha shule, akaliweka mezani. Merle hakuligusa.

"Fungua, kaka."

"Subiri kidogo."

"Tusubiri nini?"

Merle alikuna shingo. Alitazama mlangoni kuona kama kuna anayesikia.

"Je, kama alikuwa Dubu?"

Bernadine alivuta kiti, akakaa.

"Mtu haoi ukoo wake," Merle alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Hata kama hakujua. Nimeishi na Doris miaka thelathini na miwili. Kama alikuwa Dubu, basi nilimuoa dada yangu. Rochelle nitamwambia nini?"

"Ndiyo maana uliwang'ang'ania akina Carter. Ulijua hutapata kitu."

Merle hakukataa. Kisha akalivuta jalada mwenyewe na kulifungua.

Walisoma mstari kwa mstari. Lucy Carter hakuwemo. Bernadine akamwambia asahau jina la pili, atafute Lucy yeyote mwenye miaka mitano, wa Coldspring. Walipofika Novemba, kidole cha Merle kilisimama.

Siku moja walipokelewa watoto wawili. Willis Snow, miaka minane, wa Coldspring. Lucy Snow, miaka mitano, wa Coldspring. Mama yao: Phoebe Snow, yu hai. Mbele ya jina la Lucy mtu aliandika kwa wino mwingine: Lucy Snow wengine wawili tayari wapo. Huyu aitwe Carter.

"Wamembadilisha jina kwa sababu hiyo?" Merle alisema. "Kwa kuwa karani alichoka kuwatofautisha watoto?"

"Kwa sababu hiyo."

"Mtoto wa miaka mitano! Na mama yake, wameandika hapa wenyewe, yu hai!"

Alisimama, akazunguka meza, akakaa tena. Bernadine aliiacha hasira yake ipite.

"Tumempata," Merle alisema mwishowe. "Phoebe."

"Bado. Karatasi moja usiiamini peke yake. Makarani hukosea, na wengine hudanganya. Tafuta ya pili inayosema vilevile, iliyoandikwa na mtu mwingine."

"Ipo wapi hiyo?"

"Wewe kitambaa cha mkataba hupokei?"

Merle alipokea kila mwaka. Zaidi ya miaka mia mbili iliyopita serikali iliwekeana mkataba na mababu, ikaahidi kuwapa kitambaa kila mwaka. Mpaka leo inatoa, ingawa kimepungua mpaka hakitoshi kushona hata foronya.

"Popote wanapogawa kitu, wanaandika orodha," Bernadine alisema. Alileta mkebe wa nakala nyingine. "Na hawa waliandika mama na watoto wake."

Orodha ya mwaka 1912 ilikuwa na mstari huu: Phoebe Snow, Coldspring, na Willis, na Lucy. Mafungu matatu.

Merle alifurahi, akataka kuufunga mkebe. Lakini jicho lake liliangukia orodha ya mwaka 1914. Phoebe Snow, Coldspring. Fungu moja.

Akilini alimwona yule mama akitoka na kitambaa cha mtu mmoja. Bernadine alisogeza sanduku la karatasi laini za kufutia machozi karibu na mkono wake, akajifanya anatafuta miwani.

"Karatasi zetu zinaishia hapa," alisema baadaye. "Ukoo wake haukuandikwa. Sasa tukaulize watu. Tungeanza na watu, kusema kweli. Karatasi hazifi, wazee wanakufa."

Alta Bucktooth alikuwa na miaka tisini na mitatu. Aliishi katika nyumba ya kutunzia wazee, na manesi walimwogopa kwa ulimi wake. Walimkuta dirishani.

"Huyu mwanamume mwenye uso wa mvua ni nani?" aliuliza.

"Merle Halftown, bibi," Bernadine alisema. "Anaulizia mtu wa Coldspring. Phoebe Snow."

Alta aligeuza kiti chake.

"Phoebe? Aliyekuwa akienda kusimama kituo cha treni?"

"Kwa nini alisimama, bibi?" Merle aliuliza.

"Alikuwa na watoto wawili shuleni. Kila kiangazi aliambiwa watakuja likizo. Mvulana alikuja mara moja. Msichana hakuja. Alisimama miaka na miaka. Sisi watoto tulimcheka, wajinga sisi. Mama yangu akatuchapa, akasema, yule ni mtu wetu."

"Mtu wenu kwa vipi?" Merle aliuliza.

"Kwa vipi tena? Korongo! Mimi ni Korongo. Nitamsahau mtu wa ukoo wangu?" Alimkazia macho. "Na wewe unamuulizia kama nani?"

"Nilimuoa mjukuu wake. Mtoto wa Lucy."

"Yule Lucy aliishi?"

"Aliishi, bibi. Akazaa."

Alta alifumba macho kidogo. Alipoyafumbua, aliuliza, "Wewe ukoo gani?"

"Dubu."

"Dubu na Korongo. Basi ulioa vizuri. Unalia nini?"

Merle alilia mbele ya manesi na hakujali.

Alta aliwaita akina mama wa ukoo wa Korongo. Walisoma nakala, wakaulizana wenyewe kwa wenyewe, wakamkumbuka na Willis. Wakatia sahihi barua ya kumtambua Lucy, Doris, Rochelle na mtoto. Rochelle aliipeleka fomu, safari hii na karatasi zote zikifuatana kwa hatua: cheti, kitabu cha shule, orodha ya kitambaa, barua. Fomu haikurudi.

Merle hakuwasamehe waliomchukua Lucy, na hakuna aliyemtaka awasamehe. Lakini moyo wake ulijaa shukrani. Alimshukuru Bernadine. Alimshukuru Alta. Alimshukuru hata yule karani asiyemjua, mgawa kitambaa, aliyechukua taabu ya kuandika jina la mama na majina ya watoto wake. Akanunua daftari, akaandika yote, na kila habari imetoka wapi.

Siku ya Mahindi Mabichi, Rochelle hakusimama mlangoni. Akina mama wa Korongo walimpokea mtoto na kumpa jina. Wakampa na Rochelle lake. Merle aliangalia kutoka upande wa Dubu, mikono juu ya magoti.

Baadaye watu walitoka nje kula. Rochelle alizungukwa. Mmoja alimwambia mtoto amevishwa nguo nzito. Mwingine akasema hapana, ni nyepesi. Wa tatu alimnyang'anya mtoto kabisa, akamwambia, "Kaa chini ule, mwanangu, umekonda." Maisha yake yote Rochelle hakuwa na mama mdogo hata mmoja. Leo walikuwa saba, na wote walikuwa wanamgombeza. Alikuwa akicheka na kufuta machozi kwa pamoja.

Merle alijitenga chini ya paa la jiko. Alimfikiria Doris. Alitamani angekuwapo, hata kwa dakika moja.

Mama mmoja mnene wa Korongo akamfuata na bakuli la supu. Hawakuwa wamewahi kuongea.

"Mbona umejificha huku, shemeji?" alisema. "Njoo tule."